Anapika bila kusikia harufu, na amechoka kuambiwa amepona

Saa kumi na mbili na robo asubuhi, mashine za kiwanda hazijaanza kunguruma, na Paskazia Maige amekwisha kuinama juu ya ndoo ya mapanki. Anabonyeza nyama iliyobaki shavuni kwa kidole gumba. Anafunua shavu lenyewe atazame kama ndani bado pana wekundu. Kisha anafanya jambo ambalo si la kawaida kwa mpishi: anaisukuma ndoo kwa mguu hadi kwa mwanamke anayekoroga uji hatua mbili kando yake.

Mwanamke huyo, Roza Ogweno, anauacha mwiko, anachuchumaa, ananusa moja baada ya jingine. La nne analitoa na kuliweka chini.

“Hili la jana,” anasema.

Paskazia analitupa ng’ambo ya mtaro bila kubisha. Amefanya kazi ya kupika chakula cha kuuza kwa miaka kumi na minne hapa Nyakato, lakini hawezi kujua kwa pua yake kama samaki ameoza. Tangu Machi 1995 hajasikia harufu ya kitu chochote.

“Na usiniulize kama ni mafua,” anamwambia mwandishi ambaye hata hajafungua daftari. “Utakuwa mtu wa mia mbili.”

Kibanda chake cha mabati kinatazamana na lango la kiwanda cha kukamua mafuta ya pamba. Wateja wake ni vibarua, walinzi na madereva wa malori. Ugali kwa maharage ni shilingi 200, ugali kwa mapanki 250. Mapanki, kwa msomaji ambaye hajafika Mwanza, ni kichwa na mifupa ya sangara inayobaki baada ya viwanda vya samaki kukata minofu na kuisafirisha Ulaya. Zamani Paskazia alikuwa anakaanga sangara mzima. Siku hizi mtu wa kipato cha Nyakato hamwoni sangara mzima.

Siku nzuri anauza sahani themanini. Akitoa mkaa, unga na mafuta, anabaki na kama shilingi 4,000. Ndizo zinazomsomesha binti yake Hellen sekondari na kulisha nyumba, kwa sababu mumewe Antoni alipunguzwa kazi mwaka 1994 katika kiwanda cha nguo alichokitumikia miaka kumi na saba.

Mchana ule wa Machi alikuwa anavuka barabara na sahani tatu za walinzi. Lori la mashudu lilikuwa linapakiwa nje ya lango. Gunia la juu kabisa likateleza. Halikumpiga kichwani, lilimpiga begani, akaenda chali, na kisogo kikatua kwenye ukingo wa zege wa mtaro. Hayo amesimuliwa. Yeye anakumbuka akizipanga sahani mkononi, halafu anakumbuka dari ya wodi.

Alilala hospitali siku nne, akashonwa nyuzi saba. Siku ya tano akaruhusiwa. Karatasi aliyopewa anayo bado, imekunjwa ndani ya Biblia, nayo inasema jeraha la kisogo, hali nzuri. Kiwanda kilisema yeye si mfanyakazi wao na alikuwa barabarani. Mchukuzi aliyelifunga lile gunia alikwenda kumwona na mkungu wa ndizi, akakaa kwenye kigoda, akalia. Huyo ndiye pekee aliyemwomba radhi.

“Nyuzi zilipotolewa, kila mtu akanitazama kisogo,” anasema Paskazia. “Pamekauka. Basi, nimepona. Hakuna aliyetazama kwingine.”

Kwingine kulikuwa na mambo. Alilala mchana kama mtoto mchanga na akaamka amechoka. Alitafuta majina ya vitu anavyovishika kila siku. Upawa ukawa “kile cha kuchotea”, na siku nyingine Kiswahili kilimkimbia kabisa, akabaki anawajibu wateja kwa Kisukuma, wakiwamo Wajaluo na Wahaya. Mwanga wa jua ulimuuma macho. Kelele ndizo zilizomshinda kuliko vyote.

Antoni, kwa kukosa kazi, alikuwa anashinda nyumbani na redio. Asubuhi taarifa ya habari, mchana muziki, jioni salamu za wasikilizaji. Paskazia alimwomba apunguze sauti. Alimwomba mara ya pili, na ya tatu. Siku ya Jumapili moja ya mwezi wa Mei aliinuka kitandani, akaichukua ile redio ikiwa bado inatoa salamu, akaitumbukiza kwenye ndoo ya maji, akarudi kulala.

Antoni hakusema naye kwa wiki mbili. Anakiri leo kwamba hakuwaza ugonjwa, aliwaza dharau. Alidhani mkewe amemwona si mwanamume tena kwa kuwa hana mshahara.

“Niliishi na mwanamke mpole miaka kumi na sita,” anasema. “Aliyerudi kutoka hospitali nilikuwa simjui. Kumbe hata yeye alikuwa hajijui, lakini hilo nililielewa baadaye sana.”

Suala la harufu lilichelewa kujulikana. Paskazia mwenyewe alilifikiria kuwa ni mafua yasiyokatika. Chakula kilikuwa hakina ladha, kwa hiyo aliongeza chumvi. Kikawa bado hakina ladha, akaongeza tena. Wateja wakaanza kuacha maharage nusu sahani. Wengine walimwambia kwa upole, wengine waliuliza kama siku hizi anakunywa.

Mama mkwe wake akampeleka kwa mganga huko Magu. Mganga alisikiliza, akasema pua imefungwa na mtu, akamvutisha ugoro mara tatu. Paskazia alipiga chafya hadi akakojoa, macho yakamtoka machozi, lakini harufu haikuja. Kanisani akina mama walimwombea, kisha mmoja akamnong’oneza kwamba huenda hajasamehe. Hakuelewa amsamehe nani, gunia au mtaro.

Katika miezi hiyo aliharibu pia ujirani wake na Roza. Roza, mjane mwenye asili ya Shirati mkoani Mara, alikuwa ameanza kuuza uji na maandazi kando ya kibanda mwaka mmoja kabla. Walikuwa wanaazimiana moto. Siku moja Paskazia aliukosa mwiko wake mkubwa, akamtuhumu Roza mbele ya foleni ya vibarua, akaumwaga uji wa Roza chini. Mwiko ulikutwa baadaye umelala juu ya gunia la mkaa, mahali Paskazia alipouweka mwenyewe. Hakuomba radhi. Anasema alikusudia kuomba, akasahau, na alipokumbuka aliona aibu kwa muda uliopita.

Hawakusalimiana tena kwa miezi minane.

Kisha ikafika Juni 1996. Jumanne jioni Paskazia alinunua mapanki, akayaweka kwenye ndoo nyuma ya kibanda, akaenda zake. Jumatano hakufungua kwa sababu ya kichwa. Alhamisi asubuhi aliikuta ndoo, akaamini ameyanunua asubuhi hiyohiyo. Mpishi mwenye kumbukumbu angekumbuka. Mpishi mwenye pua asingehitaji kukumbuka. Yeye hakuwa na hata kimoja kati ya hivyo. Aliyakaanga, akayamwagia mchuzi wa nyanya wenye pilipili nyingi, akauza.

Watu kumi na mmoja walitapika kabla jua halijazama. Mlinzi mmoja mzee alitundikiwa maji siku mbili katika zahanati. Bwana afya alikuja Ijumaa akabandika karatasi ya kufunga biashara kwenye nguzo ya kibanda. Kufikia Jumamosi Nyakato nzima ilikuwa inasema Mama Hellen alitia dawa ya kuvuta wateja kwenye sufuria, dawa ikamgeuka.

Paskazia alikwenda zahanati kumwomba mzee yule msamaha. Tabibu wa zamu, Nathaniel Ngosha, alimwita ofisini. Hakuwa mkali, lakini alitaka kujua. Mzee alikuwa amemwambia kwamba alipoifikisha sahani karibu na uso aliisikia harufu, ila njaa ilimzidi nguvu. Inakuwaje mpishi asiisikie?

Paskazia akasema ana mafua. Tabibu akamuuliza, mafua ya tangu lini. Akajibu, tangu mwaka jana.

Ngosha akamwambia afumbe macho. Alimpitishia kipande cha sabuni chini ya pua, akamuuliza ni nini. Akasema hakuna kitu. Akakata ndimu. Hakuna kitu. Akafungua kopo la kahawa, kisha chupa ya mafuta ya taa. Paskazia alijibu vilevile, na alipofumbua macho akaiona ile chupa iko karibu na mdomo wake, alishika meza.

Tabibu akamuuliza kama aliwahi kuanguka.

Maelezo aliyompa Ngosha siku ile, Paskazia anayajua kwa moyo, na huyarudia kwa yeyote anayemletea habari za mafua. Tabibu naye aliyarudia kwa mwandishi akiwa kwenye benchi la zahanati hiyo.

“Ubongo ni laini, na umekaa ndani ya fuvu bila kufungwa,” anasema Ngosha. “Mtu akiangukia kisogo, fuvu linasimama ghafla, ubongo hausimami. Unakwenda mbele, unajigonga kwenye mfupa wa paji la uso. Sehemu hiyo ya mbele ndiyo inayotuzuia tusitukane watu, na ndiyo inayotupangia kipi kianze na kipi kifuate. Chini yake kuna nyuzi ndogo za kunusia, zinapita kwenye mfupa wenye matundu kama chekeche la unga. Ubongo ukisukumwa, nyuzi zinakatika. Mshono wa nje hauwezi kuonyesha hayo.”

Alimweleza pia kwamba ulimi wake ni mzima. Ulimi unajua chumvi, sukari, uchachu na uchungu. Mengine yote ambayo watu huyaita ladha ni kazi ya pua. Ndiyo maana alikuwa anaongeza chumvi, akitafuta kitu ambacho chumvi haiwezi kukileta. Na hasira, na usingizi, na maneno kupotea, na redio, vyote vilitoka kwenye anguko lile moja.

Msomaji atatarajia kwamba mwanamke huyu alilia kwa kupata nafuu ya moyo. Hakulia. Alimgombeza tabibu.

“Mwaka mmoja na miezi mitatu,” anasema, na sauti inampanda hata sasa. “Nimevutishwa ugoro. Nimeambiwa sijasamehe. Mume wangu ananiona shetani. Watu kumi na mmoja wamelala hoi. Na maneno yenyewe ni ya dakika tano. Nilimuuliza, kwa nini hakuna mtu aliyenipa hizo dakika tano siku ile wananitoa nyuzi?”

Ngosha alimwambia kwamba hospitali zinawatazama kwanza wanaovuja damu, na wanaovuja damu hawakomi kuja. Paskazia akauliza harufu itarudi lini. Akajibiwa kwamba huwa inarudi katika miezi ya kwanza, na kwake muda huo umepita, kwa hiyo asiingoje. Hasira na kumbukumbu vinaweza kuwa bora kidogo kidogo, akipumzika, akiandika mambo yake, akikaa mbali na makelele.

Ngosha alimwita Antoni kesho yake akamweleza yaleyale. Antoni alisikiliza, akauliza swali moja tu: kwa hiyo redio haikuwa mimi? Tabibu hakumwelewa. Paskazia alimwelewa.

Bwana afya alikubali kufungua kibanda kwa sharti kwamba awepo mtu wa kukagua samaki kila asubuhi. Antoni alijitolea, lakini pua yake, miaka kumi na saba ya vumbi la pamba imeimaliza. Hellen yuko shule ya bweni. Mtu mwenye pua nzuri, anayefika pale kila siku kabla ya saa kumi na mbili, alikuwa mmoja, na alikuwa hasalimiwi.

Paskazia alimkuta Roza anakanda unga wa maandazi. Akamwomba radhi ya mwiko na ya uji. Akaanza kueleza habari ya ubongo na nyuzi na chekeche. Roza alimsikiliza hadi nusu, akamkatiza.

“Mama Hellen, nyamaza kwanza,” akasema. “Siku ile ya mapanki, mimi niliisikia ile harufu. Tangu unayatoa kwenye ndoo niliisikia. Nikasema moyoni, mwache aaibike.”

Roza mwenyewe anathibitisha kwamba alisema hivyo, na kwamba alikuwa hajalala vizuri tangu siku mzee yule alipotundikiwa maji.

Paskazia alipandwa na hasira kiasi cha kusahau alichokuwa amekifuata. Hasemi hivyo kwa kupamba maneno, alisahau kweli. Alimwambia Roza yote yaliyomjia mdomoni, akaondoka, na alifika karibu na nyumbani ndipo akakumbuka kwamba alikwenda kuomba pua.

Asubuhi iliyofuata alirudi na karatasi. Alikuwa ameandika mistari miwili ili asipotee tena. Wa kwanza ulisema: sote tumewaumiza watu kumi na mmoja. Wa pili ulisema: kibanda changu, moto wangu, nusu ni yako, wewe nusa.

Roza aliuliza kama nusu hiyo inahesabika hata kipindi cha mvua, maana mwavuli wake wa maandazi ulikuwa unavuja. Akaambiwa mabati hayachagui msimu. Akahamisha sufuria yake siku hiyohiyo.

Leo kibanda kinaendeshwa kwa taratibu ambazo mgeni anaweza kuziona ni kichekesho. Paskazia akitia chumvi, anafunika sufuria na kulaza kijiko juu ya kifuniko. Pasipo na kijiko, chumvi haijaingia. Tarehe ya kununua kila kitu inaandikwa kwa chaki kwenye bati. Saa ya mezani ya mtumba inalia kila baada ya dakika ishirini ili maharage yasiungue, na wateja wanailalamikia kila siku. Mashine za kiwanda zinapowaka, anaziba masikio kwa pamba, ambayo kwa bahati iko ya kutosha. Saa nane mchana anakwenda kulala, hata kama foleni imefika barabarani.

Hasira bado zipo. Dereva mmoja anayekula hapo kila wiki anasema wamezizoea. Mama Hellen akipandisha, anasema, unasubiri kidogo, anashuka mwenyewe, na anakuongezea mchuzi.

Kinachomchosha Paskazia si kazi. Ni watu. Wapo wanaomwambia amenenepa, kwa hiyo yu mzima. Wapo wanaomfuata kwa nyuma na kumwekea soksi chini ya pua wahakikishe. Mwezi Februari alikuja bwana mmoja aliyevaa vizuri, akakaa, akala, akalipa, kisha akamweleza kwa heshima kwamba ana nyumba za kupangisha na anatafuta mtu wa kutapisha vyoo vilivyojaa, na amesikia yeye harufu haimsumbui.

“Alikuwa hatanii,” anasema Paskazia. “Angekuwa anatania ningemsamehe.”

Mwandishi anapomuuliza ni harufu gani anayoikumbuka zaidi, anafyonya. Anasema waandishi na wachungaji huuliza swali hilohilo. Anageuka, anachochea moto. Halafu anasema, bila kugeuka, kwamba ni ya ardhi ikinyeshewa mvua ya kwanza, na ya kichwa cha Hellen alipokuwa mdogo, na kwamba ya pili hawezi hata kuikumbuka sawasawa, anajua tu kwamba ilikuwepo.

Mazungumzo yanakatizwa na mgeni. Ni Rebeka Shimba, kutoka Pasiansi, shangazi wa binti atakayeolewa mwisho wa mwezi. Kamati ya harusi imemtuma. Wageni ni 220, chakula ni pilau na kuku, na mtu fulani aliyewahi kula hapa amesema Mama Hellen ndiye.

Hii ni kazi ya kwanza kubwa kuletwa kwake tangu aumie. Paskazia anakaa chini kabisa, anafungua daftari lake la shule, na anasoma masharti aliyokwisha kuyaandika zamani akisubiri siku kama hii. Spika za muziki ziwe mbali na jiko. Roza anakuja naye na analipwa sawa naye, kwa sababu viungo vya pilau atavipima yeye. Mtu asimsemeshe anapohesabu vikombe vya mchele. Saa nne asubuhi atalala kwa muda wa saa moja mahali penye giza, na asiamshwe hata na padri.

Rebeka anakubali yote, ila anataka kuelewa sababu. Paskazia anamwambia: alianguka, ubongo ukaumia, hasikii harufu.

“Pole sana, dada,” anasema Rebeka, na anamshika mkono. “Lakini naona u mzima kabisa. Tutaomba. Mungu atakuponya kabla ya harusi.”

Roza anaacha kukoroga. Mshipa wa shingo ya Paskazia unasimama. Anavuta pumzi ndefu kwa ile pua isiyomletea kitu, anaishikilia, anaiachia taratibu, kama tabibu alivyomfundisha.

“Siponi,” anasema. “Andika hivyo kwenye daftari la kamati, wasije wakaniuliza tena. Mpishi haponi. Pilau saa saba.”